Mikono Arobaini kwa Babu

Jumatatu, 4 Novemba

Likizo ndefu ya shule imeanza. Kabla ya saa sita mchana watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameshapita geti la bustani yetu ya wanyama, na themanini na tisa kati yao walitaka kushika nyoka. Hesabu ni ya wifi yangu, anayekaa dirisha la tiketi. Ananiandikia kwenye kikaratasi kwa sababu anajua bila namba silali.

Asubuhi Meneja alituita ofisini, mimi na Mtaalamu. Mzee aliyekuwa mkuu wa banda la nyoka amestaafu na nafasi yake iko wazi. Likizo ikiisha, Meneja atataja mkuu mpya, na ni mmoja wetu. "Nitawaangalia kazini," alisema. "Nataka kuona nani ana macho."

Mimi nina miaka kumi na minne humu. Niliingia na ufagio, nikajifunza kwa kuangalia, nikang'atwa mara tisa, na mpaka leo karatasi yangu ya kazi inasema Mfagiaji. Mwenzangu ana miezi mitatu na cheti. Jina la Mtaalamu nimempa mimi, wala si kwa heshima.

Nitaandika kila siku, hata mstari mmoja. Siku nikiulizwa nilifanya nini, niwe na tarehe.

Jumanne, 5 Novemba

Walioshika: 76. Upepo mchana kutwa. Kuna bati la ukutani linagongagonga na hakuna anayepanda kulipiga msumari.

Jumatano, 6 Novemba

Niandike kazi yenyewe, maana sijaona aliyewahi kuiandika.

Mgeni ananawa kwanza, maji matupu, asije na harufu ya manukato. Mwenye pete kubwa anaivua. Anyooshe mikono kama anayepokea mtoto mchanga, asikaze vidole, asilete uso karibu. Kichwa nakishika mimi, mwili anashikilia mgeni. Wale nyoka wadogo anatosha mtu mmoja. Babu, chatu wetu, ana mita tatu na sentimita arobaini na kilo kumi na tisa, kwa hiyo watu wanne wanajipanga kama wanaobeba zulia kwenda kulianika.

Kwa Babu sihesabu watu, nahesabu mikono. Mikono arobaini kwa siku, basi, anarudi kizimbani. Ikizidi hapo anaanza kupumua kwa kelele na wiki hiyo chakula hali. Mtaalamu aliniuliza hiyo arobaini imetoka kitabu gani.

"Imetoka kwa Babu mwenyewe," nikamjibu.

Akaiandika kwenye daftari lake. Sijui alikuwa ananicheka au vipi.

Jumamosi, 9 Novemba

Walioshika: 131. Alikuja kijana wa kifua kipana na mchumba wake, akisema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba yeye haogopi kitu chenye uhai. Mkia wa Babu ulipomzunguka kifundo cha mkono, rangi ikamtoka.

"Dada, dada, mtoe! Nisamehe!"

"Nikusamehe nini?"

"Chochote!"

Mchumba wake alicheka mpaka akakaa chini. Halafu nikawapa maneno yangu ya siku zote: huyu mkubwa ndiye Babu, yuko nasi miaka kumi na mmoja, yule mdogo kule ni Bibi, mkewe, aliletwa mwaka jana kumwondolea upweke, na kama nyumba nyingi mnazozijua, mume anajaza kitanda, mke anabakiziwa kona. Wanawake wanapiga makofi hapo. Mtaalamu hapigi. Anasimama na kuangalia kona ya Bibi kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Jumatatu, 11 Novemba

Babu kamkataa sungura. Ni mara ya pili. Mara ya mwisho kula ilikuwa Oktoba 21.

Jumatano, 13 Novemba

Saa nne wifi alikuja na chupa ya chai, tukakaa nyuma ya banda. Mtaalamu akatufuata huko, akasimama kama anayekuja kuposa.

"Dada, nina neno."

"Sema."

"Babu nadhani ni jike. Na nadhani ana mayai."

Nilimtazama nione kama anatania. Uso mkavu. "Rudia," nikamwambia, "wifi hajasikia vizuri."

Akarudia, masikini. Akaeleza kwamba kwa chatu mkubwa ndiye jike kwa kawaida, kwamba zile kucha mbili ndogo karibu na mkia za Bibi ni ndefu kuliko za Babu, na dume ndiye mwenye kucha ndefu, kwamba jike mwenye mayai huacha kula. Wifi alikuwa na chai mdomoni, ikamtokea puani.

"Babu ana mimba! Jamani, njooni! Babu ana mimba na Bibi ndiye kamtia!"

Nikamuuliza Mtaalamu, "Kaka, miaka kumi na mmoja namwogesha huyu chatu. Wewe umemwogesha mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi."

Kufikia saa nane bustani nzima, mpaka mpishi wa kantini, ilikuwa inamwita Mkunga.

Alhamisi, 14 Novemba

Walioshika: 81. "Shikamoo Mkunga, kliniki inafunguliwa saa ngapi?" Huyo ni mlinzi wa geti, mtu mzima mwenye wajukuu. Nilicheka. Mtaalamu aliitikia "marahaba" na kuendelea kupiga deki.

Jumapili, 17 Novemba

Babu kajivua gamba, kipande kimoja kizima, halikuchanika popote. Wageni wamegombania vipande. Mawingu yalijaa tangu asubuhi na yakaondoka kama yalivyokuja.

Jumanne, 19 Novemba

Kamkataa sungura mara ya tatu. Anazunguka kizimba kutwa, anasukuma kona kwa pua, anageuka, anarudi. Nami sikai. Nimepanga ndoo, nimezipangua. Wifi akasema, "Mmefanana wewe na Babu. Hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Mtaalamu alimwendea Meneja kuomba Babu apumzishwe. Meneja akaniita na mimi. Juu ya meza kulikuwa na tangazo jipya, rangi bado mbichi: Jumamosi ya tarehe 30, Siku ya Babu, kila mwenye tiketi atamshika.

"Huyu anasema Babu ni mama mjamzito," Meneja akasema. "Wewe uliyekaa naye unasemaje?"

"Babu ni mzima, bosi. Joto tu limemkata hamu."

Nilisema hivyo bila kumeza mate. Nikaona kabisa Meneja ananihesabia alama kichwani, na ni alama niliyoingoja miaka kumi na minne.

Jumatano, 20 Novemba

Walioshika: 94. Bati bado linagonga.

Ijumaa, 22 Novemba

Mtaalamu hufika saa kumi na mbili na nusu. Nimegundua leo kwa sababu na mimi niliwahi. Alikuwa anabadilisha maji ya vyombo vyote ishirini na vitatu, kazi ambayo si yake, na anazungumza na nyoka kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi kwa kupita katikati ya watu. Aliponiona akanyamaza.

Sikupenda kumwona hivyo. Ni rahisi zaidi kumchukia mtu mvivu.

Jumanne, 26 Novemba

Alikuja mama mmoja asiyeona, ameshikwa mkono na binti yake. Nilitaka kumpa nyoka mdogo. Akasema hapana, amelipa kama wengine, anamtaka huyo mkubwa anayesifiwa. Tukamweka Babu juu ya meza ndefu. Kichwa nikashika mimi, na Mtaalamu akauchukua mkono wa yule mama na kuuweka mgongoni pa Babu, akawa anamwelekeza taratibu: hapa magamba ni madogo, hapa ni mapana, hapa ndipo moyo.

"Kumbe mkavu!" mama akasema. "Miaka yote nilijua anateleza."

Aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi. Naandika hivyo kwa sababu nilijiahidi kuandika.

Vidole vya yule mama vikashuka, vikapita katikati, vikaingia nusu ya nyuma. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikaenda tena, polepole, kama mtu anayepapasa mfuko wa viazi sokoni.

"Huyu kameza nini? Mbona huku ana mafundo mafundo?"

"Sungura," nikasema.

Neno lilinitoka lenyewe, maana ndilo jibu tunalowapa wageni. Wageni wakaridhika. Mtaalamu alikuwa ameinamisha uso. Mimi nikawa najumlisha bila kutaka: kutoka Oktoba 21 mpaka leo ni siku thelathini na sita. Hakuna sungura anayekaa tumboni siku thelathini na sita.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeingia kizimbani saa kumi na mbili kabla hata ya Mtaalamu, na tepu ya fundi cherehani na mizani ya kuning'iniza. Huwa nampima Babu kila mwanzo wa mwezi. Naweka hapa namba za leo na za Novemba mosi.

Uzito ulikuwa kilo kumi na tisa kamili. Leo kumi na nane na gramu mia sita. Mzingo wa nusu ya mbele ulikuwa sentimita arobaini na moja. Leo thelathini na nane. Mzingo wa nusu ya nyuma ulikuwa thelathini na tisa. Leo arobaini na sita.

Nilipima mara tatu. Nyoka mgonjwa anakonda kote. Huyu mbele anakonda na nyuma anajaa, hajala siku thelathini na saba, na siku kumi zilizopita kajivua gamba. Na nilipomwachia alijilaza ubavu, tumbo likaangalia juu kwenye taa ya joto. Sijawahi kumwona akilala hivyo kwa miaka yote kumi na mmoja. Mtu angeniletea namba hizi za nyoka mwingine ningemjibu kabla hajakaa: mayai.

Kwa hiyo ni jike. Nimesimama mbele ya maelfu ya watu nikawachekesha na mume anayejaza kitanda, na kitanda ni cha mke. Tulimwona mkubwa tukamwita Babu, tukamwona mdogo tukamwita Bibi. Lugha yenyewe haikutusuta, maana ukisema kalala, kaamka, kala, hakuna anayekuuliza ni mume au mke. Mkuu aliyestaafu hakuangalia, nami niliyemfuata nyuma na ufagio sikuangalia.

Nikaenda dirishani kwa wifi kabla ya geti kufunguliwa. Nikamweleza. Safari hii hakucheka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na Mkunga?"

"Yeye alisema, hakuaminiwa. Hana vipimo."

Akasogeza kiti. "Sikiliza, mke wa kaka yangu. Jumamosi ndiyo siku. Jumamosi ikipita salama, Meneja anakutaja wewe. Ukisema leo, umemwambia kwa mdomo wako kwamba miaka kumi na mmoja hukuwa na macho na yule wa miezi mitatu anayo. Siku tatu tu. Nyamaza."

"Na mayai?"

"Ameyabeba mwezi mzima. Siku tatu zitamfanya nini?"

Sikujua. Huo ndio ukweli. Nimeona nyoka mdogo mmoja akifa na mayai ndani, yamekwama, baada ya kusumbuliwa. Sijui kama ni kusumbuliwa kulikomuua au alikuwa afe tu. Niliondoka dirishani nikijiambia nitaamua mchana. Mchana kulikuwa na foleni.

Mikono: 40.

Alhamisi, 28 Novemba

Mikono 40. Kichwa kinauma.

Ijumaa, 29 Novemba

Mikono 52. Meneja alikuwa amesimama na wageni wake watatu na hakuna aliyemwambia hapana. Sheria ni yangu, na aliyeivunja ni mimi. Babu alipuliza kama tairi linalotoka upepo.

Jumamosi, 30 Novemba

Saa mbili na nusu foleni ilishafika kwenye bomba la maji. Wifi akaleta kikaratasi: mia moja arobaini na wanne, na geti halijafunguliwa rasmi. Watu mia moja arobaini na wanne ni mikono mia mbili themanini na nane. Gawanya kwa arobaini uone. Ni kazi ya siku saba na zaidi, ndani ya asubuhi moja.

Meneja alikuwa na kipaza sauti. Mtaalamu alisimama upande wa mkia, mimi upande wa kichwa, kama tulivyopangwa. Nikafungua kizimba. Babu alikuwa amejikunja kwenye kona iliyo chini ya taa, mizunguko mitatu, kichwa juu ya mizunguko. Nikapitisha mikono chini yake kumwinua. Nilihisi misuli inatetemeka, si ya hasira, hasira yake naijua. Ilikuwa inakaza na kuachia, inakaza na kuachia, kutoka mbele kwenda nyuma. Mwili uko kazini.

Nikatoa mikono.

Meneja akanikonyeza nifanye haraka. Mtaalamu alikuwa ananitazama mimi, hamtazami nyoka. Nikafunga mlango wa kizimba, nikatia komeo, nikageuka.

"Ndugu zangu, Babu hatoki leo. Babu ni jike na anataka kutaga."

Kicheko. Walidhani ndio mwanzo wa maonyesho.

"Na Bibi je?" mtu akapaza sauti.

"Bibi ndiye mume."

Hapo walivunjika mbavu. Mama mmoja mwenye mwavuli akasema, "Kumbe yule wa kona ndiye baba mwenye nyumba! Kama kwangu tu!" Nikangoja watulie.

"Sifanyi mzaha. Miaka kumi na mmoja nimewaambia huyu ni dume. Nilikosea. Aliyesema ukweli ni huyu kaka hapa, tukamcheka, na mimi nikiwa wa kwanza. Leo mtashika wadogo."

Wengine walikubali wadogo. Wengine walikwenda dirishani kwa wifi kudai chao na kumfokea, na wifi aliniangalia kwa mbali kwa jicho ambalo nitaishi nalo. Meneja alinivuta nyuma ya banda.

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi. Nilipomshika."

Alinitazama sana. "Wiki iliyopita uliniambia mzima."

"Nilikuambia hivyo, bosi."

"Mbele yangu ulisema hivyo."

"Ndiyo."

Akaenda zake. Nilishikisha nyoka wadogo mpaka saa kumi na moja, watu mia moja na watatu, na sikumbuki uso wa hata mmoja.

Jumapili, 1 Desemba

Ametaga. Nilipofika alikuwa ameshayazungushia mwili. Mvua imenyesha.

Jumanne, 3 Desemba

Meneja hakungoja mwisho wa likizo. Alituita wote, na mpishi na mlinzi, akasema mkuu wa banda la nyoka ni Mtaalamu, kwa sababu aliona kilichokuwa mbele ya macho ya watu wote. Wakapiga makofi. Hakuna aliyesema Mkunga. Kwangu akasema karatasi yangu "tutaiangalia mwakani."

Nilikuwa na la kujibu. Ningesema: bosi, yeye alikisia kwa kucha, mimi nilipima. Zile sentimita tatu kasoro mbele na saba zaidi nyuma, nani mwingine katika bustani hii angezipata? Hayo ndiyo macho uliyokuwa unayatafuta. Lakini angeniuliza ulipima lini, na tarehe ni Jumatano, na baada ya Jumatano kuna mikono arobaini, na arobaini, na hamsini na miwili. Kinachonipa haki ndicho kinachonihukumu, viko kwenye ukurasa mmoja.

Nikapiga makofi na mimi.

Wifi hajanisemesha siku tatu. Leo kanisukumia kikaratasi bila neno: walioshika 38.

Alhamisi, 5 Desemba

Mayai ni thelathini na matatu. Tumehesabu kwa kioo kidogo na tochi, kila Babu anapojisogeza, mimi na mkuu wangu mpya. Mimi nilipata thelathini na matatu, yeye thelathini na mawili, tukarudia, akakubali. Mawili yamegeuka njano, yamebonyea, na yanaanza kunuka.

"Ni kawaida," akasema.

"Kawaida ni mangapi?"

Akafikiri. "Sijui. Kitabu kinasema baadhi."

Tulikuwa tumechuchumaa, bega kwa bega, kwenye joto la taa. Nikaona kwamba nisiposema hapo sitasema tena.

"Nilijua Jumatano," nikamwambia. "Nilimpima. Mikono mia moja thelathini na miwili ilimpitia nikijua ana mayai. Nilitaka ile nafasi."

Hakugeuka. Alizima tochi, akaiwasha, akaizima.

"Mimi nilijua Jumanne," akasema.

"Jumanne ulidhani. Toka mwanzo ulikuwa unadhani."

"Hapana, dada. Jumanne, yule mama alipouliza. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wake. Niliyagusa. Moja, mbili, tatu, niliyahesabu." Akakohoa. "Nilishasema mara mbili mkanicheka. Nikajiambia, ya tatu sisemi. Acha yampate yule mama wa mikono arobaini Jumamosi, mbele za watu, nyoka akiwa mikononi mwake."

"Yule mama wa arobaini ni mimi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulisimama pale mkiani Jumamosi unangoja."

"Nilikuwa nangoja. Halafu ukatia komeo."

Thelathini na moja mazuri, mawili mabovu. Labda yangeharibika hata tungewahi. Labda moja ni langu na moja ni lake. Hesabu hii ndiyo ya kwanza maishani mwangu ambayo sijui njia yake.

"Lazima yatoke," akasema hatimaye, "yasiambukize mengine. Mmoja ashike kichwa, mmoja aingize mkono chini ya mwili."

"Nani ashike kichwa? Wewe ndiye mkuu."

"Sijawahi kumshika akiwa na mayai."

"Hata mimi," nikasema, nikafungua komeo.